Kifurushi Chenye Sauti za Wakuu

Jumatatu, 4 Machi
Wakuu wamefanya kikao, mlango wameufunga. Miwani, mwenzangu wa meza ya jirani, kaitwa ndani. Mimi, wapi! Mara barua pepe ikaingia, mtumaji simjui: “Sauti za kikao.” Kinga ya virusi ikaidaka na kuifuta. Roho iliniuma! Nikamwomba mtumaji atume tena.

Jumanne, 5 Machi
Katuma. Safari hii faili limefungwa ndani ya kifurushi chenye nywila, na nywila yenyewe kaniandikia chini. Mtu muungwana! Kinga ikanyamaza. Nikamuuliza fundi wa kompyuta kijanja, kana kwamba ni mambo ya shemeji yangu. Akasema kinga haioni ndani ya kifurushi kilichofungwa hivyo, na matapeli wanalijua hilo. Shemeji asithubutu kukigusa. Nikamshukuru. Wivu tu! Wenzangu walipokwenda kula, nikafungua. Ndani, faili lenye alama ya spika. Nikalibonyeza. Kimya. Kisha kitaa cha kamera kikawaka chenyewe.

Jumatano, 6 Machi
Mshale unatembea kwenye skrini na mikono yangu iko magotini. Unakwenda polepole, kama mtu anayepapasa chumba asichokijua. Ukasimama juu ya jina la mke wangu, kwenye orodha ya anwani zangu. Ukatulia hapo. Nikaifunika kamera kwa plasta. Spika ikakohoa. Kikohozi changu!

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Kompyuta zote za ofisi zimeongea kwa pamoja, kwa sauti yangu: bosi ana kichwa kama boga, Miwani ni kupe. Maneno niliyojisemea jana, peke yangu, kwa kunong'ona! Bosi katoka, kasimama, kasikiliza mpaka mwisho. Halafu mafaili yote ya wateja yakajifunga, hayafunguki tena. Miwani alikuwa analia. Fundi kaniuliza shemeji yangu anaendeleaje.

Ijumaa, 8 Machi
Nimesimamishwa kazi. Mke wangu kasema nisiiguse kompyuta ya nyumbani. Nikakubali. Alipotoka nikaiwasha, niangalie tu kama bosi kanisamehe. Barua ni moja, ina kifurushi chenye nywila, na nywila imeandikwa chini. Mtumaji: mimi. Jina langu kamili. Sikumbuki kuiandika. Lakini jamani, nisipojiamini mimi mwenyewe, nitamwamini nani? Naingiza nywila.