Ndiyo ya Mzee Kizito

Jumatatu, 3 Machi
Bwana asifiwe, lakini leo damu inachemka! Kizito wa Bungoma, mzee wa kanisa kama mimi, amepiga simu. Ati ile kazi aliyoniahidi kwa ujumbe, ya kusimamia ghala lake la mahindi, haipo tena. Amempa shemeji yake, Kevin. Kevin! Mtu anauma punje na hajui kama imekauka! Na mimi Ijumaa nimeacha kazi ya kupima mahindi kwa Mama Jepkoech hapa Kibomet. Nikamwambia hata mizani yake ni ya kizamani. Mke wangu Sellah ameuliza, Baba Viola, sasa tutakula nini? Nimemjibu tutakula haki.

Jumanne, 4 Machi
Nimefunga na kuomba. Nimesafisha moyo, halafu simu. Jumbe zote za Kizito, futa! Amani tele.

Alhamisi, 6 Machi
Amani imeisha. Nimeenda ofisi ya leba. Afisa, Bi Chelangat, amesema kama Kizito alinipa kazi, nikakubali, nikaacha nyingine kwa ajili yake, ninaweza kudai fidia. Kwanza ataitwa tuongee. Akikataa, wakili amwandikie, kisha korti. Nikapiga makofi! Ndipo akaomba kuona ujumbe wa Kizito. Yesu wangu! Nikamwambia nimeukabidhi kwa Mungu. Hakucheka.

Ijumaa, 7 Machi
Mpango! Nimesimama langoni kwa Kizito, Bungoma, nikaomba kwa sauti moto ushuke. Wakulima wakadhani nimeletwa kubariki ghala. Wakapanga foleni niwaombee! Kevin akaniletea soda, ati asante pasta. Shetani ana dharau, bana. Niliinywa. Jua lilikuwa kali.

Jumapili, 9 Machi
Sellah amenicheka mbele ya watoto. Ati si nilituma picha ya ule ujumbe, pamoja na jibu langu la kukubali, kwa kikundi cha kwaya, ili waimbaji wa besi waone wivu? Kweli! Bado ipo! Kwaya nzima ni mashahidi. Majivuno yangu yamenitetea.

Jumatano, 12 Machi
Kizito ameitwa leba. Jasho! Amepewa wiki moja: kazi au fidia, kwa maandishi. Bi Chelangat amenionya nisikubali lolote la mdomo. Mama Jepkoech naye amenirudisha. Amesema mizani imenisamehe.

Ijumaa, 14 Machi
Haleluya! Kizito amepiga mwenyewe, akilia. Kevin amenunua mahindi mabichi, ghala zima limeota kuvu. Kazi ni yangu Jumatatu, bora niachane na mambo ya leba. Nikagusia maandishi. Akauliza, karatasi ya nini kati ya wazee wa kanisa? Nikaona haya. Tumeomba pamoja kwa simu.

Nimemwambia Bi Chelangat afunge faili. Nimemuaga Mama Jepkoech, na safari hii nimemweleza vizuri ubovu wa mizani yake. Halafu nimeomba kwaya wafute ile picha, kila mmoja kwenye simu yake. Kusamehe ni kusahau.