Karadenev kwa Watoto wa Kundi la Wadogo

Jumanne, 21 Oktoba

"Mtoto wa chini ya miaka saba akisimuliwa habari za wafu, hapati usingizi." Ndivyo alivyoandika Bi. Genoveva Stamatova katika gazeti la mji wetu, chini ya tangazo la kuni. Upuuzi mtupu! Bibi yangu alinilisha hadithi za maiti pamoja na uji, na nimelala vizuri miaka hamsini na mitatu. Isitoshe, watoto wa mji huu huwaona wafu kila asubuhi. Kila mti, kila nguzo ya umeme, kila mlango umebandikwa tanzia: picha, jina, ukingo mweusi. Wanajifunzia herufi hapo hapo! Wafu wamekuwa hatari leo kwa sababu tu wameingia kitabuni?

Najua anachotaka. Bi. Genoveva ni mkuu wa chekechea na pia mwenyekiti wa maktaba ya mji. Mwisho wa mwezi anataka kuiondoa rafu ya Eftim Karadenev, vitabu vikasagwe viwe karatasi, eti kwa sababu hakuna anayeviazima. Karadenev! Mwandishi pekee wa hadithi za vitisho aliyewahi kuzaliwa hapa. Alikufa peke yake, na kaburi lake limeinama kama mlevi. Waliompenda wamezeeka, wakamfuata. Nimebaki mimi. Nisipompatia wasomaji wapya atakufa mara ya pili, na safari hii hata tanzia hatapata.

Wasomaji wapya, basi. Wapya kabisa. Miaka mitano, minne.

Nimemjibu gazetini. Niliandika kurasa nne. Mhariri amechapa sentensi mbili, tena zile za adabu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Ukungu umepanda kutoka mto Danubi na hautaki kushuka. Mji umelainika kama mkate uliolowekwa katika maziwa. Nimekutana na Bi. Genoveva mbele ya duka la mikate. Niliisikia sauti yake kabla sijauona uso. Aliniuliza, watu wakisikia, kama sasa nagombana na chekechea kwa kuwa shule zimenichoka. Nikamjibu kwamba anawalea watoto kama mayai, na yai halijawahi kusoma kitabu.

Akaweka mikono kiunoni. "Haya, njoo basi, Bwana Prodan! Saa saba mchana, wakati wa kulala. Wasomee huyo marehemu wako. Lakini akilia au akipiga ukelele mtu mmoja, mmoja tu, hukanyagi tena kwangu na rafu naitoa."

Na wasipolia? Rafu itabaki, akasema, mbele ya muuza mikate.

Nimeshinda! Dada yangu Rayna, ninayeishi naye, anasema watoto watalia bila shaka, si kwa hofu ila kwa sauti yangu. Rayna husoma mapishi tu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Siku ya kwanza. Siku ya aibu.

Chumba kirefu, vitanda vidogo, dirisha jeupe kwa ukungu. Harufu ya malenge yaliyookwa. Nimewasomea "Mke wa Msagaji", kilele cha Karadenev. Radka, mke wa msagaji unga, anazama chini ya gurudumu la kinu. Kila ukungu ukishuka hurudi, nguo zikichuruzika maji, anagonga mlango mmoja baada ya mwingine akisema ana baridi. Hakuna anayemfungulia. Ukurasa wa mwisho anamshika mumewe kifundo cha mguu na kumburuta majini. Nilipousoma mara ya kwanza nilikojoa kidogo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Ukurasa wa pili, wote walikuwa wamelala. Wote! Kama paka juu ya tanuri.

Bi. Genoveva alinishika mkono, macho yamelowa. Hata Boyko amelala, alininong'oneza, Boyko ambaye tangu Septemba huuma mito. Eti nije kila siku. Eti nina kipaji.

Nimethibitisha kwamba mwanamke huyu alikosea tangu neno la kwanza, na sijawahi kudhalilishwa namna hii. Karadenev amegeuzwa wimbo wa kubembelezea! Na msikilizaji aliyelala hakumbuki kitu. Rafu itabaki, naam, lakini itabaki na vumbi lake. Nataka msomaji. Nataka mtoto mmoja afike ukurasa wa mwisho macho yakiwa wazi.

Jumatano, 29 Oktoba

Mbinu mpya. Nimesoma nikiwa nimesimama. Nimegonga kabati kila Radka alipogonga mlango. Nimelia kama upepo wa kinuni. Watoto walitabasamu usingizini na kujifunika vizuri zaidi.

Mmoja tu alijitahidi: Ognyana, pengo mbele, nywele kama kiota. Kope zake zilishuka zikapanda, zikashuka zikapanda. Akaniuliza, "Babu, huyo mama hana taulo?" Babu! Nikamweleza kwamba mimi si babu, na kwamba katika fasihi kubwa hakuna taulo. Akafikiri. Akauliza kwa nini sasa watu hawamfungulii, wakati amesema kabisa ana baridi. Nikaanza kumfafanulia dhana ya hatia ya jamii. Akalala katikati ya dhana.

Kisha, sijui. Nilisikia gurudumu likizunguka polepole, maji yakiwa meupe kama maziwa, na mtu akiimba chini yake. Nilipofumbua macho ilikuwa saa ya maziwa na biskuti, na nilikuwa nimefunikwa blanketi lenye picha za bata.

Sitamsimulia Rayna.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimepata! Kosa ni langu: nimewaletea maiti asiye na tanzia. Mtoto wa hapa ataaminije kwamba mtu amekufa ikiwa hajamwona kwenye nguzo?

Nimetengeneza tanzia. Ukingo mweusi, msalaba, na picha ya mwanamke mwenye kitambaa kichwani niliyoinunua gulioni, hata muuzaji hamjui. Nimeandika: "Radka, mke wa msagaji. Alizama. Hajatulia. Tukutane chekechea, Ijumaa saa saba mchana." Nimebandika kwenye miti yote ya barabara ya chekechea, kimo cha macho ya mtoto. Karatasi zilielea ukunguni kama madirisha madogo. Nilisimama nikazitazama mpaka nikaanza kumhurumia marehemu.

Rayna aliuliza gundi yake imekwenda wapi.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nilisahau kitu kimoja. Kesho ni Jumamosi ya kuwaombea wafu. Leo kila mwanamke wa mji huu amechemsha ngano, ameitia sukari na kokwa za jozi zilizosagwa, na anatafuta marehemu wa kuigawa kwa jina lake.

Saa saba wakaja. Vitambaa vyeusi, sahani mikononi, mishumaa. Bi. Genoveva alisimama mlangoni akiwauliza mnakwenda wapi, nao wakampa pole, wakapita. Wakaketi kwenye ncha za vitanda vya watoto. Bibi Stoyanka akasema alicheza kwenye harusi ya Radka. "Mikono yake! Mkate wake ulikuwa unapumua." Mwingine akasema mume ndiye mbaya, alijua tangu zamani. Wa tatu akasema usimseme vibaya msagaji, naye ana ndugu. Nikawaambia Radka hajawahi kuishi. Bibi Stoyanka akanitazama kwa huruma. "Ndivyo wanavyosema wote, mwanangu, msiba ukiwa mbichi."

Lakini watoto walikuwa macho! Wote wameketi, midomo imejaa ngano tamu, wanatazama ile picha. Nikafungua kitabu haraka. Nikasoma kama sijawahi kusoma. Nje ukungu uliegemea kioo. Ukurasa wa kwanza, kimya. Ukurasa wa pili, Bibi Stoyanka akaanza kukoroma. Boyko akamwegemea. Wanawake mmoja mmoja wakainamisha vitambaa vyao, watoto wakawalalia mapajani. Bi. Genoveva mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha mtoto, magoti kidevuni, anapumua kama bahari ya mbali.

Sikuacha. Chumba kizima kimelala, mimi nasoma, na mara nikayasikia maneno kama si mimi ninayeyasema. Anagonga. Ana baridi. Mkono unatoka majini...

Mkono ukanishika suruali.

Nilipiga ukelele ambao, naambiwa, ulisikika mpaka kituo cha treni.

Alikuwa Ognyana, amebeba taulo. Alitaka kujua alining'inize wapi ili Radka alione.

Bi. Genoveva akashtuka, akauliza ni mtoto gani aliyelia. Ognyana akaninyooshea kidole. "Mtu mmoja tu ndio tulikubaliana," Bi. Genoveva akasema, taratibu kabisa, akijipangusa usingizi. "Na mtu umempata, Bwana Prodan."

Jumamosi, 1 Novemba

Sikutoka. Rafu inaondolewa. Nimemuua Karadenev kwa koo langu mwenyewe. Rayna ameniletea sahani ya ngano. Ya nani, nikauliza. Ya Radka, akasema. Wanawake wote wamemwekea.

Jumatatu, 3 Novemba

Asubuhi na mapema nimekwenda maktaba na mkokoteni wa makaa kuviokoa vitabu. Rafu tupu! Nimemfuata Bi. Genoveva mpaka jikoni mwa chekechea nikamwita mchomaji, msagaji, muuaji wa waandishi. Alimaliza kwanza kuonja supu. Akasema hakuna kilichosagwa. Vimeazimwa, vyote. Wazazi walipanga foleni kabla mlango haujafunguliwa, kwa kuwa watoto wao hawakunyamaza Jumamosi nzima wala Jumapili. Wamemwota Radka wote, na kila mmoja anamsimulia mwenzake.

Nimemwita Ognyana anisimulie. Akasema Radka aligonga, wakamfungulia. Wakampa taulo na ngano. Akakauka, akawa mwanamke wa kawaida, akalala kitanda cha kando ya dirisha, na mume wake akaambiwa aombe radhi. Boyko akaongeza kwamba anakoroma.

Mbaya zaidi, Bibi Stoyanka anauthibitisha mwisho huo sokoni. Alikuwepo, anasema.

Bi. Genoveva ananiambia nifurahi, Karadenev hajawahi kuwa na wasomaji wengi hivi, hata alipokuwa hai. Nifurahi! Mwisho ule ni wa uongo! Taulo! Ni nani aliyewaruhusu?

Kwa hiyo barua yangu kwa gazeti iko tayari, na naiandika hapa kwanza mhariri asije akaikata. Ninyi wazazi wa kundi la wadogo: rudisheni vitabu vya Karadenev rafuni kabla ya Ijumaa, vyote, hata mlichokimwagia supu. Msiwasomee watoto wenu. Hamjui kusoma vitisho. Waleteni kwangu, nami nitawasomea mpaka ukurasa wa mwisho ulio sahihi. Nakuja na tarumbeta. Na asilale mtu!