Mumuache Lydie, Kinachoniangusha ni Heshima

Chumba namba tatu, Nyumba ya Wazee
Komine ya Annexe, Lubumbashi

Kwako Ma Sœur Clotilde, Directrice wetu mupendwa,

Nakuandikia kwa adabu yote, mukono wa kushoto ukiwa ndani ya bandeji, juu ya ile anketi, ule uchunguzi wa "vidonda visivyo na sababu". Inspecteur wenu, Monsieur Israël, amenigeuza-geuza sawa muntu anayenunua mbuzi, na sasa anasema ni Lydie, mulezi wetu, ndiye ananipiga. Nasikia juma hili likiisha munamufukuza kazi. Aka! Lydie huyu huyu anayemuomba mende pole mbele ya kumuua? Hapana, Ma Sœur. Vidonda vyangu viko na sababu, tena sababu yenyewe inalala chumba namba tisa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwezi wa sita, mutoto wangu Fils alileta hapa mama mukwe wangu, mama ya muke wangu, marehemu Hortense. Hakuniuliza. Batoto ba leo! Kwetu mwanaume haonani uso kwa uso na mama mukwe wake. Akitokea njiani, wewe unatoka njiani. Iko sherehe ya kuondoa ile haya, lakini tuliiahirisha, tukaiahirisha, mpaka Hortense akafariki. Basi kule kwetu Kampemba niliponea, kwa sababu njia zilikuwa nyingi. Hapa kuko koridoo moja tu.

2. Goti: Mama alitokea jikoni, nikajitupa ndani ya kabati ya mifagio. Paji la uso na mukono: aliingia misa, nikaruka inje kwa dirisha, na niko na miaka sabini na mine. Shavu: nilijificha nyuma ya mulango, kumbe ndio mulango aliokuwa anakuja kuusukuma. Mama iko na miaka tisini, lakini mikono ingali ile ya kutwanga majani ya sombe.

3. Monsieur Israël aliniuliza nani alinisukuma. Sasa, mimi nimutaje mama mukwe mbele ya mugeni mwenye kravati shingoni? Nikanyamaza kwa heshima. Yeye akaandika kwamba muzee anaogopa mulezi wake. Haki ya Mungu, nilitaka kulia.

4. Dawa yake iko rahisi. Nilifanya kazi ya reli maisha yangu yote, najua namna ya kuzuia treni mbili zisikutane. Mumuvalishe Mama kengele. Hapana, ile ni kumukosea heshima, munivalishe mimi. Ao mutie koridoo taa nyekundu na taa ya kijani, na muntu wa kupiga firimbi wakati umeme umekatika. Ikishindikana, mujenge ukuta toka mulango mukubwa mpaka altare, Padri asome misa akiwa amekaa juu yake, muguu mumoja kila upande.

5. Kama hata ukuta unawashinda, basi mumuhamishe Mama. Mumupeleke mbali, hata Likasi. Ni kweli inaniuma kusema hivi, lakini Lydie iko na batoto, na haifai akose kazi juu ya adabu yangu mimi.

Unisalimie ba Sœur wote, mupishi, na muzee mwenzangu wa chumba cha pili anayekoroma. Hata Monsieur Israël umusalimie. Kravati yake iko muzuri.

Ni mimi, mwenye adabu na maumivu,
Adrien Mukuka

N.B. Nilikuwa nimekwisha kufunga bahasha, nikaifungua tena. Mama iko hapo inje na Lydie, anacheka. Ma Sœur, kile kicheko ni cha Hortense kabisa, hakuna tofauti. Toka tulipomuzika sikukisikia tena, mpaka Mama alipokuja hapa. Namba tano uifute. Namba nne vilevile, ukuta utazuia sauti. Lydie abaki, Mama abaki, na Monsieur Israël aandike kwamba muzee Mukuka anajiangusha mwenyewe, kwa hiari yake, na ataendelea.