Kabati Lililopata Nne kwa Kumi

Kwa Mwalimu wetu wa Kiingereza, darasa la watu wazima,

Shikamoo, ingawa kwa umri ni wewe uliyepaswa kuniamkia. Mwanafunzi ni mdogo siku zote, nimekubali. Mimi mzima, mke wangu mzima yeye na Kiingereza chake, ila changu ki mahututi. Ndiyo maana naleta malalamiko yangu, kwa heshima zote.

1. Kiingereza kina maneno mengi kuliko kazi zilizopo. Kina neno la kuleta na lingine la kupeleka. Mzigo ni uleule, njia ni ileile, na anayevunjika mgongo ni mimi yuleyule. Ya nini maneno mawili?

2. Kina neno la kusikia na lingine la kusikiliza. Sikio si ni lilelile, jamani? Kina la kuona na la kutazama. Hapo nimetazama sana, sababu sijaiona.

3. Ulituagiza tuandike maneno yanayotuchanganya mahali macho yetu yanapopita kila siku. Macho ya seremala hupita kwenye mbao. Basi nikayaandika pamoja na maana zake kwa penseli chini ya droo za kabati la mteja, nikasahau kuyafuta kwa msasa, kabati likaenda kwa mwenyewe. Loo! Mwenyewe ni mwalimu mkuu mstaafu. Juzi likarudi juu ya mkokoteni. Nikadhani droo zimekwama. Kumbe bibi yule kasahihisha droo zote kwa kalamu nyekundu, kanipa nne kwa kumi, na chini kaandika kwamba useremala ni mzuri ila mwanafunzi aongeze bidii. Tangu siku hiyo mafundi wenzangu wananiita Nne kwa Kumi, na mimi mjinga naitika.

4. Mke wangu. Tulianza darasa siku moja. Yeye yuko hatua ya tatu. Mimi narudia ya kwanza kwa mara ya tatu. Jana nilimwomba anisaidie, akanijibu kwa Kiingereza. Nikacheka sana, nikidhani ni utani. Kumbe alikuwa ananiambia nikatupe takataka.

Sasa nisikilize, Mwalimu, au nisikie, vyovyote utakavyo. Mwanangu ameoa binti wa mbali asiyejua Kiswahili, na mwisho wa wiki wanakuja kuishi kwetu. Meza ya kulia nimeitengeneza kwa mikono yangu. Sitaki kukaa kwenye meza hiyo mkwe na mama mkwe wakipiga soga kwa Kiingereza, mimi nikitabasamu tu kama mgeni nyumbani kwangu. Naogopa, kusema kweli. Kwa hiyo naomba uwaandikie wenye lugha yao: katika kila jozi wabakize neno moja, la pili walipige randa. Wakikataa, basi mke wangu ashushwe hatua ya kwanza, tukwame pamoja.

Nisalimie darasa zima, hasa wenzangu wa dawati la nyuma. Lile dirisha lisilofungika nitakuja kulirekebisha.

Mwanafunzi wako mtiifu, anayerudia,
Fundi Seremala

Nyongeza: Barua ikiwa bado mezani, wageni wakaingia siku tatu kabla. Mkwe wangu hakukaa sebuleni. Alinifuata karakana, akaketi kwenye benchi langu la kazi, akaomba kwa ishara nimfundishe Kiswahili. Mimi, si mama mkwe wake! Lakini Mwalimu, binti huyu ana kazi. Ananiambia nimpelekee maji, kumbe anataka nimletee. Yaani kitu chepesi hivyo! Kuleta ni kuleta, kupeleka ni kupeleka, hata mtoto anajua, na lugha ya watu haichezewi. Nimemwandikia maneno kumi chini ya droo, akakosa sita, tukacheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini, na safari hii yeye ndiye ambaye hakuelewa. Barua hii ichane, ila unitumie kalamu nyekundu. Sasa karakana hii ina Nne kwa Kumi wawili.