Bomba Lililo Sawa Sawa

Jumatatu, 9 Juni
Sinki la jikoni limegoma. Maji yamekaa tu, hayaendi. Verediane, mke wangu, amepata oda yake ya kwanza kubwa: kukaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, za ubatizo kwa akina Umuhire, Jumamosi. Anataka tumwite Valens, fundi jirani. Nimekataa kabisa! Valens akiingia jikoni mwangu, Gisenyi nzima itajua kabla ya saa sita. Mwalimu wa jiografia ashindwe na maji? Nimesema ni mafuta, yameganda kwa baridi. Nimemimina sufuria mbili za maji yanayochemka. Kimya. Halafu chini ya nyumba: krak!

Jumanne, 10 Juni
Nimetambaa chini ya jiko na tochi ya simu. Kumbe! Bomba la plastiki limelainika kwa yale maji ya moto, limening'inia katikati, tumbo kama la mkuu wetu wa shule. Nani alijua? Ajabu tupu. Maji sasa yanapita kidogo kidogo tu, nikataka kujua vitu vinakwama wapi hasa. Nimetupa maharagwe kumi kwenye sinki, nikaenda kuyangoja nje. Yametoka manne. Sita yako wapi? Swali zuri sana. Verediane ameuliza maharagwe yanahusu nini. Nimesema ni sayansi.

Jumatano, 11 Juni
Valens amenichungulia juu ya ua. Hakuitwa! Akasema, Mwalimu, weka tu bomba sawa, maji itapita. Nimejibu kwamba nilishafikiria hilo zamani. Uongo. Lakini wazo si baya.

Alhamisi, 12 Juni
Ushindi! Nimeazima nivo, kile kipimo cha usawa, ya Gatete, yule mwashi. Nimeinua bomba kwa mawe ya volkano, jiwe juu ya jiwe, mpaka kale kapovu ka hewa kakasimama katikati kabisa. Sawa sawa, toka mwanzo hadi mwisho! Nimemwita Verediane aone. Amesema anataka kuona maji yanakwenda, si mawe. Mtu hana macho ya kazi safi.

Ijumaa, 13 Juni
Yebabawe! Verediane ameanza kuosha kilo ishirini za sambaza. Maji hayakwenda popote. Yakapanda, yakamwagika, magamba yakaelea jiko zima. Hakupiga kelele. Amekaa juu ya ndoo akalia. Akasema, Baba Kirezi, kazi hii nimeingoja miaka mitatu. Nimeona haya, haya ya kweli. Nimeenda mimi mwenyewe kumwita Valens.

Amelala chini ya jiko dakika mbili. Akauliza mi nafundisha nini shuleni. Nikasema jiografia. Akauliza kama nawaambia watoto kwamba mto Sebeya unafika ziwani kwa sababu uko sawa. Bon. Kumbe "sawa" yake ilikuwa vizuri tu, yaani bomba liinamie nje. Si angesema hivyo! Ameondoa mawe yangu, akakata kipande kilicholegea, akaunga kipya. Ametoa na maharagwe sita, yamevimba. Nimesema labda ni panya.

Jumamosi, 14 Juni
Sambaza zimekwisha kabla ya hotuba! Verediane amesifiwa mpaka akaficha uso kwa kitenge. Nimefurahi, tena sana. Halafu akachukua kipaza sauti, akamshukuru fundi Valens mbele ya wageni wote. Wamempigia makofi. Na mimi je? Mawe alibeba nani? Palepale Verediane amepewa oda nyingine: harusi, Jumamosi ijayo.

Jumapili, 15 Juni
Maji yanashuka vizuri mno. Glu-glu-glu, yameisha. Nimemimina ndoo nne ili nisikilize tu. Kwa nini yanakimbia hivyo? Ameliinamisha bomba kiasi gani? Nimemuuliza Valens, akasema yeye anapima kwa jicho. Kwa jicho! Hilo si jibu la kumpa mtu aliyesoma. Harusi iko Jumamosi, donc kuna siku sita nzima. Verediane yuko kanisani hadi saa saba. Nimeshalilegeza bomba pale Valens alipoliunga. Kidogo tu, nichungulie.