Siku Niliyomlaumu Karisa kwa Mapovu ya Gundi

Leo sina pa kuuweka uso wangu. Nawaambia mapema, kabla hamjasikia kwa Karisa.

Mnajua kazi yangu: natengeneza vihisi vya sumaku katika kijimaabara kimoja hapa Changamwe. Ni vipande viwili vyembamba. Kimoja hujinyoosha kikikaribiwa na sumaku, cha pili kikivutwa hutoa umeme kidogo. Tunavigandanisha kwa gundi. Gundi ikiwa na mapovu, kihisi kinakuwa kiziwi. Miezi mitatu mimi na Karisa, fundi wetu, tumehangaika kuinyonya hewa kwa pampu na kuvibana vipande sawasawa.

Asubuhi Bi Zuhura, mkuu wetu, akaja kutazama. Mbinu hii mpya ikishindwa, tunarudia ile ya zamani.

Nikainama kukiwasha kihisi. Mstari kwenye skrini ukaruka juu. Nikainuka, ukashuka. Nikainama tena, ukaruka.

"Hiki kina wazimu?" akauliza Bi Zuhura.

"Ni mapovu, Bi. Karisa hakubana vizuri." (Ndiyo, nilimtaja jina. Naye amesimama pale pale.)

Karisa ni mtu mpole, hakujitetea. "Dada Mwanaisha, hebu rudi nyuma hatua tatu."

Nikarudi. Mstari ukatulia.

"Njoo."

Ukaruka.

"Rudi."

Ukatulia. Akanitembeza hivyo mara tano, mimi na shahada yangu.

Bi Zuhura akanitazama shingoni. "Mwanangu, hijabu umeibana na nini?"

Nikapeleka mkono chini ya kidevu. Kishikizo cha sumaku. Kipya, nimekinunua jana sokoni Kongowea kwa sababu kinapendeza. (Miaka minne nimesomea sumaku, wallahi.)

Nikakivua, nikakipeleka mbali kule getini, nikarudi nimeishika hijabu kwa mkono mmoja. Tukapima upya. Kihisi kikasoma vizuri kuliko vyote tulivyowahi kutengeneza, na Bi Zuhura akaipitisha mbinu yetu.

"Niwie radhi, Karisa," nikasema, macho chini.

"Hapana neno, dada. Gundi ingekuwa na mapovu, kihisi kisingekuona."

Jioni nikitoka nimekuta karatasi mlangoni: "Acha sumaku nje. Hasa wewe." Haikutaja jina. Nawasihi basi, msihangaike kutafuta huyo "wewe" ni nani.