Betri Isiyochoka

Jumatatu, 6 Oktoba
Umeme umekatika. Mayai matano ya kuku mwekundu wa marehemu mke wangu yamo kwenye sanduku la kutotolea, chini ya kitaa kinachowaka kwa betri. Kuku mwenyewe alikufa baada ya kutaga la mwisho. Hakuna mengine. Shemeji, mdogo wake marehemu, anataka kuyaweka chini ya kuku wake anayeatamia. Nimekataa. Sanduku liko chumbani, upande wa kitanda aliokuwa akilalia marehemu. Yataanguliwa hapa hapa! Akauliza nitajuaje betri ikiisha. Nikamwambia nina mpango. Sikuwa nao.

Jumanne, 7 Oktoba
Mpango umepatikana! Fundi redio ameniuzia kibao cha kompyuta, kidogo kama kiberiti, cha watu wanaojifunza ufundi. Kinapima volti na kuziandika kwenye kioo. Fundi akaanza kunieleza namna ya kukiunga. Nikamkatiza, shule nilikwenda. Kibao na kitaa nimeviunga kwenye betri ile ile, kuokoa waya. Kioo kikaandika 5.00. Imejaa pomoni!
Marehemu alikuwa akigusisha yai shavuni kujua joto lake, macho kayafumba. Maskini. Hakuwa na kioo.

Jumatano, 8 Oktoba
Asubuhi 5.00. Mchana 5.00. Jioni 5.00, na sijaichaji! Betri ya ajabu. Nikampelekea fundi habari. Akauliza kibao chenyewe kinapata wapi umeme. Nikasema kwenye betri hiyo hiyo. Akashika kichwa. Akasema kibao hicho kinahesabu umeme unaokiwasha chenyewe kuwa ndio volti tano, hata ukishuka vipi. Eti mzee, umemuuliza mlevi kama amelewa. Akataka kuja na mita yake. Nikamshukuru, nikaondoka. Wivu tu. Hana betri kama yangu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Siku mbaya. Nilikaa kitandani tangu asubuhi nikitazama 5.00 kwa raha zangu. Kitaa kikafifia, kikawa chekundu kama sigara inayozimika. Nikalaumu miwani, nikaipangusa. Shemeji akaingia, akatia mkono sandukuni, akapiga kelele: jamani shemeji, humu baridi! Nikamwonyesha kioo. Akasema basi kioo na kiatamie.
Kisha akachukua yai, akaligusisha shavuni. Akafumba macho.
Vilevile kabisa. Hata kichwa alikiinamisha upande ule ule.
Akanong'ona kwamba bado lina uvuguvugu. Nikafungua kabati, nikatoa sweta la marehemu, ambalo sikuwa nimeligusa tangu tumzike. Tukayafunga humo yote matano. Shemeji akaondoka mbio, kayakumbatia. Sikumzuia. Chumba kikawa kikubwa ghafla.

Ijumaa, 10 Oktoba
Sikuandika volti. Nilikwenda kwa shemeji mara nne, kila mara na kisingizio. Chumvi. Kiberiti. Chumvi tena. Mara ya nne akasema shemeji, kaa tu, chumvi unayo. Nikakaa karibu na tundu. Kuku wake akanitazama kwa jicho moja, kama mwenye nyumba anayemtazama mpangaji.

Jumapili, 12 Oktoba
Vifaranga watatu! Mmoja mwekundu! Shemeji akaniwekea kiganjani. Mwepesi, moyo unamdunda mwili mzima. Tukalia kidogo, tukachekana. Akasema niwe nakuja kula kwake kila jioni, vifaranga wanizoee. Nikasema nitafikiria. Nilikuwa nimeshafikiria.
Umeme umerudi, betri nimeichaji. Nimepita kwa fundi na kukiri mbele yake kwamba kweli, kibao kimoja hakiaminiki. Akafurahi sana, akanishika mkono. Nikanunua cha pili, kikichunge cha kwanza. Nimemwahidi shemeji taa ya kuwapasha vifaranga joto. Akaguna.
Nimeviunga vyote viwili kwenye betri moja, ili visije vikapishana. Kimoja 5.00. Cha pili 5.00. Haiwezekani vikosee vyote!